Kumpisha Baba Mkwe

Nilijifunza kuendesha baiskeli kwetu Kiogoro, nikiwa darasa la tano. Kaka zangu walinipandisha juu ya kilima, wakaniweka kwenye kiti, wakaniachilia, kisha wakakimbia kuona nitaangukia wapi. Nilianguka mpaka wakachoka kucheka. Siku moja sikuanguka. Nilipita mbele yao nikiwa wima, nikakatiza migomba ya jirani na kwenda kusimama kwenye ukuta wa jiko lake, ndani yake akiwemo yeye anasonga ugali. Tangu siku hiyo nilijiona mwendeshaji kamili wa baiskeli, na hakuna mtu aliyewahi kunitoa kwenye imani hiyo, ingawa wengi wamejaribu.

Niliolewa Kebirigo mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa karani huko Kericho na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo siku nyingi bomani tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe na baba mkwe. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno mengi na mwiko mkubwa. Hukuondoka kwake na njaa, wala hukuondoka bila habari. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya kijivu aliyoivua kwa ajili ya Mungu na kitanda basi. Alilima majani chai ekari mbili na hakuwahi kuonja chai, maana dini yake ilimkataza. Alikunywa maziwa. Kila asubuhi alibeba mkebe wa maziwa mpaka kituo cha kupokelea, ng'ambo ya mto, akiwa na fimbo mkono wa pili.

Mimi na mzee huyu hatukusemezana hata neno moja, na hatukuwa tumegombana. Kwetu Gusii kuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani heshima ya haya, na hakuna inaowatenga kama mtu na mke wa mwanawe. Yeye haingii nyumbani kwangu. Mimi simpi mkono, simtazami usoni, sipazi sauti aliko. Tukikutana njiani, mimi ndiye wa kutoka barabarani, nigeukie majani, nisubiri apite ndipo nirudi. Tukiwa na neno la kuambiana, linapitia kwa mama mkwe, aliyelitia chumvi likienda na kulitia tena likirudi. Maboma mengine siku hizo yalikuwa yameanza kulegeza. Letu lilikuwa boma la mzee wa kanisa na halikulegeza chochote.

Nami nilikuwa na kazi. Nilifundisha shule ya msingi upande wa Nyansiongo, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mzungu mmoja, maili sita kutoka nyumbani. Nilikuwa mwalimu asiye na cheti. Wenzangu wasio na cheti walikuwa wanapunguzwa mmoja mmoja, na njia ya pekee ya kujiokoa ilikuwa kupata nafasi chuo cha ualimu. Ili nipate nafasi hiyo nilihitaji barua ya mwalimu mkuu. Nilikitaka chuo kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, mume akiwa ndani ya hesabu. Simsengenyi, nilimwambia mwenyewe.

Mwalimu mkuu alikuwa mgeni kutoka mbali, asiyejua Ekegusii hata salamu, na aliipenda saa yake ya mkononi kama mtu anavyompenda mtoto wa pekee. Aliniita mwanzo wa muhula, akanionyesha daftari la wachelewaji.

"Mwalimu," akasema, "mimi naweza samehe mtu hajui hesabu, atasoma. Mtu wa kuchelewa siwezi. Jina lako likiingia hapa mara tatu hii muhula, barua ya chuo sahau."

Maili sita kwa miguu, baada ya kukama ng'ombe, kuteka maji na kupika uji! Nilimwandikia mume wangu. Mwisho wa mwezi akaja na baiskeli yake mwenyewe juu ya basi, akasema huko Kericho atatembea. Kwa hilo nilimsamehe mambo matatu ambayo hapa siyataji.

Ilikuwa baiskeli ya kiume, nzito, yenye chuma cha katikati na karia ya kubebea gunia. Nikajishonea sketi-suruali kutokana na pazia. Siku ya kwanza nilipokatiza soko la Kebirigo, fundi cherehani alisimamisha mashine, muuza ndizi akasimama, na mwanamke mmoja akaniuliza kwa sauti kama huko Kiogoro wanaume wamekwisha. Nilimjibu kwamba wapo ila wana breki mbovu. Jibu hilo halikuwa na maana yoyote, lakini nilikuwa nimeshapita, na mtu aliyekwisha kupita hahojiwi.

Mama mkwe aliizunguka baiskeli mara mbili akiwa na mikono kiunoni. Sketi-suruali aliikubali. Kiti alikibonyeza, akakikubali. Alipofika kwenye kengele akaipiga mara moja, kri-kri, akaruka.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuwaambia walio mbele wasogee, mama."

"Na aliye mbele akiwa mzee wako? Utampigia mzee kengele asogee, kama ndama?" Akaita Mungu kwa Kikwetu, "Nyasae!", akaleta kisu cha jikoni, akafungua skrubu na kuichukua kengele akaifungia kwenye sanduku lake la nguo za Sabato. Mambo yote yaliyofuata yalitokana na kisu kile.

Sasa niseme ukweli kuhusu barabara ile, maana nikilalamika tu nitakuwa mwongo. Ilikuwa barabara ya changarawe nyekundu, vilima vitatu kwenda na vilima vitatu kurudi, na asubuhi haikuwa na mtu. Kushoto majani chai, kulia majani chai, yamekatwa sawasawa hata ungedhani unaweza kuyalalia. Mbele kulikuwa na mikalitusi waliyoiacha walowezi, na ukungu umekaa bondeni haujaamua kuondoka. Kupanda kilima nilisukuma kwa mkono, nikihema na kuwalaani waliochora barabara. Lakini kushuka! Changarawe ililia chini ya tairi, meno yaligongana, kitambaa cha kichwa kilijaa upepo, na kwa dakika zile sikuwa mke wa mtu wala mwalimu asiye na cheti. Nilifurahi sana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikwenda kasi kuliko kila kitu ndani ya lokesheni nzima.

Breki ndizo zilizokuwa na kasoro. Ya mbele ilikuwa imebaki jina. Ya nyuma niliiwekea kipande cha ndara kuukuu, nayo ilishika vizuri siku kavu na kuteleza siku ya umande, na Kebirigo haina siku isiyo na umande.

Wiki ya pili tukakutana. Nilikuwa nateremka kilima cha kwanza, na baba mkwe alikuwa anapanda kutoka mtoni, mkebe mtupu mkononi. Sheria iliniamuru nitoke barabarani. Nilibana breki, ndara ikasema fyu. Sikuwa na kengele, na kumpigia mzee kelele ni mwiko. Basi nikafanya kama nilivyofundishwa: nikatoka barabarani. Nilitoka barabarani kwa kasi ileile niliyokuwa nayo, nikavuka mtaro na kuingia katikati ya majani chai, nayo baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea.

Jambo moja la mchai ni kwamba unakubeba. Nilitua juu yake kifudifudi, sikugusa ardhi, nikabaki nimelala pale mikono imetandazwa kama nguo iliyoanikwa. Uso wangu ulikuwa umegeukia majani, kama chinsoni inavyotaka. Nilisikia nyayo zake zikija, zikisita, zikisita zaidi, kisha zikipita. Nilipochelewa shuleni kwa robo saa nikiwa na majani chai kichwani, mwalimu mkuu aliandika jina langu bila kuuliza.

Jioni mama mkwe aliniletea ujumbe. "Mzee anauliza, hivyo ndivyo mnavyopisha watu huko Kiogoro?"

"Mwambie niliharakisha ili nisimcheleweshe."

Sijui alimwambia nini. Nilimsikia mzee akikohoa ndani ya nyumba yake, kikohozi kirefu, na nilikuwa nimeshakaa bomani kiasi cha kujua kwamba kile hakikuwa kikohozi.

Niliamua kuwa mtu mwenye busara. Ningengoja asubuhi mpaka mzee aende na maziwa yake na arudi, ndipo nitoke, nipige pedali kufa kupona, nifike kwa wakati. Kesho yake nikavaa, nikafunga mlango, nikachungulia ufa. Kwa mzee kimya. Nikangoja. Jua likapanda juu ya migomba. Ng'ombe aliyekamwa akaangalia mkebe, akaniangalia mimi kwenye ufa. Mzee hatoki. Mara mama mkwe akarudi kutoka shambani alikoamkia, akauona mkebe uko palepale uani na baiskeli iko palepale ukutani, akapiga makofi.

"Nyinyi wawili mmekufa?"

Kumbe mzee naye alikuwa ameamua kuwa mtu mwenye busara. Alikuwa amejifungia kwake akichungulia ufa wake, akingoja mimi niondoke kwanza. Maziwa yalikataliwa kituoni siku hiyo. Mimi niliandikwa mara ya pili.

Ikabaki moja. Usingizi ulinipotea. Nilijiona nimeachishwa kazi, nimekaa Kebirigo navuna majani ya chai ambayo hata kunywa siruhusiwi. Nikafikiri sana, nikaona suluhisho: kulikuwa na njia ya chini, iliyozunguka nyuma ya kilima kupitia migomba na kuvukia mto kwenye daraja la magogo. Ilikuwa njia mbaya, yenye mteremko mkali kuliko barabara kuu, lakini haikupitwa na mtu. Mzee aendelee na barabara yake, mimi nichukue njia hiyo, na kila mtu abaki na heshima yake.

Msomaji ameshajua. Mimi sikujua.

Asubuhi hiyo umande ulikuwa kama mvua. Nilitoka kwenye migomba, nikaona bonde lote chini yangu, daraja likiwa dogo kama kijiti, nikaachilia. Nilipofika katikati ya mteremko ndipo nilipoona kwamba kile kitu cheusi katikati ya daraja kina kofia. Naye alikuwa amewaza kama mimi. Naye alikuwa amechukua njia ya chini ili aniachie barabara.

Daraja lilikuwa magogo matatu yaliyolazwa pamoja. Mtu mmoja na mkebe wake walilijaza. Alikuwa amenipa mgongo, anatembea polepole kwa ajili ya utelezi, na mto ulivuma hata asisikie tairi. Nilibana breki, ikasema fyu kwa mara ya mwisho maishani mwake, na ndara ikaruka nikaiona ikipita sikioni. Nilichomeka kisigino kwenye tairi la nyuma; kiatu kikaenda.

Ningempigia kelele, lakini ningesema nini? Kumwita siwezi. Kumwambia "songa" siwezi. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna neno halali la kutia ndani yake. Ndipo nikapata wazo, na mpaka leo nasema lilikuwa wazo zuri: niimbe. Mtu akiimba hamsemeshi yeyote. Atasikia sauti nyuma yake, atajua naja, atakimbia avuke. Nikavuta pumzi na kuuachilia wimbo wa kwanza ulionijia, kwa sauti ya kufa mtu.

Ulionijia ni ule wa kufungulia ibada ya Sabato. Kanisani kwetu wimbo huo ukianza, watu wote husimama, wanaume huvua kofia, na hakuna anayetikisika mpaka ubeti wa mwisho.

Baba mkwe alisikia. Nilimwona akisikia. Alisimama katikati ya daraja, akaweka mkebe chini miguuni, akavua kofia, akaibana kifuani, akanyooka kama mlingoti.

Nilikuwa nimebakiza hatua kumi. Nikakata kona, nikaruka ukingo na kuingia mtoni nikiwa bado naimba. Maji yalinifika kiunoni na yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa. Baiskeli ilisimama kando yangu, gurudumu la mbele limepinda, la nyuma linazunguka tu juu ya maji.

Mzee hakugeuka. Asingeweza: mke wa mwanawe yuko majini, nguo zimemganda. Alivaa kofia yake polepole. Kisha akainama kidogo na kuusemesha mkebe.

"Mkebe," akasema, "hebu muulize huyo aliye majini kama amevunjika mahali."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikinihusu. Nikatafuta nami wa kunijibia, nikaona nilicho nacho.

"Baiskeli," nikasema huku meno yakigongana, "mwambie mkebe sijavunjika. Wewe ndiye uliyevunjika."

"Mkebe, muulize kwa nini alikuwa anaimba."

"Baiskeli, sema nilikosa njia nyingine ya kumwambia mtu asogee."

Mzee alifikiri. "Mkebe," akasema kwa masikitiko ya kweli, "mwambie wimbo ule mtu hasogei. Angeimba mwingine wowote."

Nilianza kucheka, halafu nikakumbuka ilikuwa saa ngapi, na kicheko kikageuka kilio hapohapo. Nililia kwa sauti, chinsoni au hakuna chinsoni. Niliiambia baiskeli yote: daftari, mara tatu, barua, chuo. Niliiambia kwamba basi, kazi imeingia maji kama mimi. Mzee alisikiliza huku amenipa mgongo. Mwishowe akaipitisha fimbo yake nyuma, chini ya kwapa, bila kugeuza kichwa, ncha ikanifikia. Fimbo si mkono. Tuliamua hivyo bila kushauriana. Niliishika akanivuta mpaka ukingoni, kama mtu anayevuta ndama, nami nikaivuta baiskeli.

"Mkebe," akasema, "mwambie aache chuma hicho hapa, akimbie."

Nilikimbia maili nne zilizobaki na kiatu kimoja. Nilifika nimelowa chapachapa, vipindi viwili vimepita. Mwalimu mkuu alikaa barazani kwenye meza yake, alikofanyia kazi zake zote ili aone lango. Aliinua vidole vitatu. Nikajieleza.

"Kwa nini hukumwambia, 'Mzee, toka njia'?"

"Sisemi naye."

"Mmegombana?"

"Hapana. Namheshimu."

"Kama unamheshimu, kwa nini usiongee na yeye?"

Nilimwona akitafuta mahali pa kuandika jambo hilo kwenye daftari, asipate. Akaandika jina langu tu.

Nyumbani nilimwambia mama mkwe jikoni, nikalala bila kula, na kwa mama yule kulala bila kula ni msiba. Usiku kucha nilisikia sauti yake ikitoka nyumba ya mzee, na safari hii, nadhani, hakutia chumvi.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu, Alhamisi, nilikuwa nafundisha darasa la nne kuzidisha. Dirisha halikuwa na vioo, na lilitazama baraza. Msichana wa mbele akasema, "Mwalimu, kuna mzee anakuja. Amevaa suti na amebeba mkebe."

Niligeukia ubao upesi, uso karibu ugonge chaki. Watoto wale walikuwa Wagusii, hawakuhitaji kuelezwa. Walinielewa mara moja, na kuanzia hapo walinisomea kila kitu kama watangazaji wa mpira.

"Mwalimu, ni suti ya kanisani."

"Mwalimu, amevua kofia."

"Mwalimu, ameambiwa akae, amekataa."

Kisha darasa likanyamaza, maana sauti ilianza kusikika yenyewe. Baba mkwe alikuwa amejifunza Kiswahili ujanani, akichunga ng'ombe wa mzungu hukohuko Nyansiongo, na hakuwa amekitumia tena tangu mzungu aondoke.

"Bwana mkubwa, mimi nakuja sema makosa. Mimi hapana kaa. Makosa nasema nasimama. Ile siku mimi nasimama kwa daraja. Huyu mwalimu nakuja na baiskeli, naimba. Mimi navua kofia, mimi hapana toka. Yeye naanguka kwa maji. Ile siku nyingine mimi nafungia nyumba, yeye nangoja mimi. Ile ya kwanza, mimi najaza barabara. Yote ni mimi. Toa yeye kwa kitabu. Andika mimi."

"Mzee, lakini wewe si mwalimu hapa."

"Andika. Mimi ndiyo nachelewa."

Mtu huyu hakuwahi kumkiria kosa mkewe, wala, nadhani, hata Mungu kwa sauti. Alikuwa ametembea maili sita na viatu vya Sabato kukiri makosa matatu ambayo mawili hayakuwa yake. Nilisimama na chaki mkononi, macho yamejaa, nikaandika saba mara nane ni hamsini na nne, na darasa zima likanakili.

"Mwalimu," msichana wa mbele akanong'ona, "anafuta!"

Alifuta. Nilikuja kuliona daftari lile baadaye: jina langu limekatwa mara tatu, na juu yake, kwa mwandiko safi wa mwalimu mkuu, mara tatu, "Baba mkwe". Aliandika barua wiki hiyohiyo. Maziwa ya mkebe ule yalinywewa na walimu wote kwenye chai, na mzee, alipoambiwa walivyoyatumia, alisikitika kidogo.

Baiskeli ilirudi kwenye ukuta wangu gurudumu likiwa limenyooshwa kwa nyundo, si mviringo kamili, lakini linazunguka. Na kwenye usukani kulikuwa na kengele ileile, imefungwa kwa waya wa ua. Nilimuuliza mama mkwe. Akasema yeye hajui mambo ya vyuma, akaendelea kuchambua mboga.

Asubuhi iliyofuata nilisimama juu ya kilima cha kwanza, nikamwona mzee chini na mkebe wake. Nilisita sana. Nikapiga mara moja tu, kidogo. Mzee alitoka barabarani, akaingia kwenye majani chai, akageuza uso na kusimama mpaka nikapita. Wavunaji walioona walishikwa na butwaa. Alifanya hivyo kila asubuhi mpaka muhula ukaisha, na hakumweleza mtu.

Nilienda chuoni Januari. Sanduku langu la bati alilifunga yeye kwenye karia ya baiskeli, akaisukuma mpaka kituo cha basi Kebirigo, hatua hamsini mbele yangu, akiimba ule wimbo ili nijue aliko. Sijui kama aliona kichekesho. Mgongo hausemi. Alilishusha sanduku kando ya barabara, akasogea upande wa pili wa baiskeli, akatazama vilima.

Basi lilisikika likipanda. Mzee akavua kofia.

"Sanduku," akasema, "mwambie mwenyewe nilimzibia njia mara tatu. Sasa nimempisha. Aende mbio anavyotaka."

Nililitazama sanduku, kwa kuwa ndilo pekee nililoruhusiwa kulitazama. Kisha nikaliambia limjibu kwamba nimesikia, na kwamba asante, baba.